Mtani Aliyelala Kaburini mwa Ngassa

Uledi, fundi cherehani wa soko la Bariadi, aliharibu suruali zetu siku za kazi na akatuharibia vilio vyetu siku za misiba. Kwa suruali tulimgombeza. Kwa misiba tulimfuata wenyewe nyumbani kwake.

Alikuwa mtani wetu. Sisi Wasukuma na watu wa pwani tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba meno ya tembo hadi Bagamoyo na kurudi na shanga, kaniki na matusi ya Kiswahili. Kwa haki hiyo, kila msiba Uledi aliingia kaburini kabla ya marehemu, akajinyoosha, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Miaka thelathini alipiga kelele zilezile kutoka shimoni: "Babu yangu alikuwa mkuu wa msafara! Ninyi nyote aliwanunua kwa shanga, na kwa huyu Ngassa alipunjwa!"

Ngassa, mkulima wa pamba wa Nkololo, ndiye aliyecheka kuliko wote. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Mwaka jana Hanif, mpwa wa Uledi aliyeko Dar, akamtumia kwenye simu picha ya daftari la zamani la misheni, lenye habari za watumwa waliokombolewa, babu yake akiwamo. Uledi aliisoma na pini mdomoni, nusura azimeze. Huyo babu hakuongoza msafara wowote. Alitekwa akiwa mtoto, akichunga ng'ombe Nkololo, akauzwa hadi pwani. Hata jina la Uledi, ambalo mjukuu alilirithi, alipachikwa na waliomnunua.

Kumbe aliyenunuliwa kwa shanga ni wa kwake! Na Uledi mwenyewe ni Msukuma kama sisi. Majogoo wote wale aliwala bure. Akafuta picha, akafunga mdomo. Asiye mtani angeingiaje tena kaburini?

Hazikupita wiki mbili, Ngassa akafariki.

Siku ya maziko tulikuwa tunamsubiri Uledi kando ya kaburi. Akashuka shimoni, akajinyoosha, akaanza: "Babu yangu..." Akakwama. Kisha akalia, kilio cha kweli, na makamasi juu. Watu wakaangua kicheko.

"Leo mpeni majogoo wawili!" akapaza sauti Joakim, mtoto wa marehemu.

"Sitaki jogoo. Mimi si mtani. Babu yangu alitekwa hapahapa Nkololo, akichunga ng'ombe. Nimefiwa, jamani!"

Wakazidi kushika mbavu. Nami nilicheka, na mpaka leo naona aibu.

Kwandu, dada mkubwa wa Ngassa, ambaye sote tulimwita mayu, yaani mama, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alisogea ukingoni.

"Alikuwa anachunga ng'ombe wa nani?"

"Hawakuandika, mayu."

Bibi yule akapiga magoti kwenye udongo, akamnyooshea mkono.

"Toka humo, mdogo wangu. Wafiwa tunakaa huku juu."