Nani Alale na Mtoto wa Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki ya mama na mtoto pale Miembeni, Muuguzi Mkuu alinikabidhi aproni na somo. "Waambie mtoto mchanga alale kitanda chake," alisema. Niliwaambia. Akina mama wakacheka, mmoja akauliza, "Nesi, hicho kitanda unatuletea lini?" Nilipolifikisha swali hilo kwa mkubwa wangu, alijibu kwamba somo ni somo. Watu wa namna hiyo walinichosha kabla hata sijapokea mshahara.

Nikafundisha nilichoona kinafaa. Mtoto alazwe chali, upande mmoja wa mama, si katikati ya watu. Mto na blanketi zito vikae mbali na uso wake. Na aliyekunywa pombe asilale naye kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililonigombanisha na nusu ya wilaya.

Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha, ukaja ugonjwa tuliouita Juliana, yaani UKIMWI, nami nikahamishiwa Muleba kutembelea majumbani. Ilikuwa matanga juu ya matanga. Wafiwa walilala chini, juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni, wamebanana, na lubisi, pombe yetu ya ndizi, haikukauka. Kwa Ma Kemilembe, aliyekuwa ametoka kumzika binti yake, nilikuta kichanga Mugisha anapokezanwa. Kila dada wa marehemu alitaka alale naye usiku mmoja, ili mtoto ajue bado ana mama. Desturi nzuri, kama wangekuwa hawajalewa.

"Mtamlalia," niliwaambia. "Mtazika wawili."

"Nesi, hata sisi tulilelewa hivi hivi," akajibu dada mkubwa, akiweka kibuyu chini mbele ya mama yake.

Kulikuwa na mkamwana mlokole asiyegusa pombe. Nikasema mtoto akabidhiwe yeye. Ma Kemilembe akamkumbatia mjukuu wake.

"Waitu, nesi wetu, mwanangu yuko kibanjani, chini ya migomba. Na huyu nikimtoa, nitakumbatia nini?"

Hasira zilinipanda.

"Basi lala naye wewe, mama yangu. Ila hicho kibuyu usikiguse."

Akakisukuma kwa mguu kuelekea kwa binti zake.

Sasa nimestaafu. Wajukuu zangu wananunua vitanda vya watoto, halafu wanavijaza mito na midoli mpaka mtoto haonekani. Nikisema, naambiwa nimepitwa na wakati. Nachoka kabisa.

Siku ya kuniaga kazini, Ma Kemilembe alikuja na Mugisha, kijana mrefu, amebeba mkungu wa ndizi. Nilitegemea shukrani. Badala yake bibi akanikaripia mbele ya wageni.

"Ulininyima pombe siku niliyoihitaji kuliko zote. Nililia mpaka kukakucha."

Kisha akamshika Mugisha mkono.

"Lakini kila niliponyamaza, nilimsikia anapumua."