Maziwa Yaliyoiva ya Mwenyekiti Fidelis

Huko Mgeta yupo mwanamume anaitwa Fidelis, na kama ujuaji ungekuwa unanenepesha, asingepita mlangoni. Alilima nyanya, zikamshinda. Akafungua kibanda cha kunyoa, akamkata mteja sikio. Alipoingia kwenye kikundi cha mbuzi wa maziwa, wenzake walichoka kubishana naye wakampa uenyekiti, labda atanyamaza. Wapi.

Mama mmoja wa hapo, Yustina, hakumpenda hata chembe, ila alimchunga. Maziwa ya kikundi ndiyo yaliyonywewa chekechea, na huko ndiko alikosoma Esther, kitinda mimba wake. Mtoto huyo aliwahi kulazwa kwa kuhara mpaka macho yakadidimia. Tangu hapo Yustina alinusa kila kitu kabla hakijamfikia mtoto mdomoni.

Basi wakaja wataalamu kutoka mjini na vibandiko vya plastiki, vyembamba kama ganda la kitunguu. Unabandika kimoja ndani ya kifuniko cha dumu. Bakteria wakizaliana kwenye maziwa, kinageuka kutoka bluu kuwa chekundu. Fidelis akaenda kwenye mafunzo kwa niaba ya wote. Alikaa mbele, akaitikia kwa kichwa, akala wali, akarudi.

“Bluu ni mabichi,” akatangaza. “Nyekundu yameiva. Mtu aliyelima nyanya utamfundisha nini hapo?”

Watu wakakubali, hata mtindi si huwa unaiva?

Kesho yake Yustina alimpeleka Esther shule, akamkuta mwenyekiti anafungua dumu la kwanza. Kibandiko kilikuwa chekundu kama pilipili. Pakiti ya vibandiko ilikuwa juu ya benchi. Yustina aliishia darasa la nne, lakini picha haihitaji darasa: penye alama nyekundu palichorwa mtu amejikunja, ameshika tumbo.

“Mwenyekiti, huyu ana nini?”

“Ameshiba, mama Esther.”

“Ameshiba mpaka kakunja uso?”

“Ndiyo kushiba kwenyewe. Kwani wewe hujawahi?”

Mwalimu Catherine akacheka huku akipanga vikombe. Yustina akachukua kimoja, akakijaza, akamnyooshea Fidelis.

“Basi shiba wewe kwanza.”

Akakipokea kwa madaha, watoto wote wakimtazama. Kilipofika puani, mkono ukasimama.

“Mimi na maziwa hatupatani,” akasema. “Tangu utotoni.”

“Mwenyekiti wa maziwa.”

“Uongozi na kunywa ni vitu viwili.”

Catherine hakucheka tena. Akaanza kuvikusanya vikombe, cha Esther kwanza. Yustina akalibeba dumu mpaka kwenye mfereji nyuma ya darasa, akalipindua. Maziwa yakatoka kwa mabonge, harufu ikawafanya watoto wazibe pua.

Fidelis alimfuata mbio. Hakuuliza watoto watakunywa nini, wala hakuitazama tena ile picha.

“Taratibu, mama Esther,” akasema. “Utalitoboa. Dumu hilo ni la kikundi.”