Hodi kwa Chombo Chake Mwenyewe

Jirani yangu mpiga chapa huifunika kompyuta yake kwa kitambaa kilekile alichofunikia taipureta, na vitufe huvipiga kwa nguvu zilezile, kana kwamba herufi isipochapwa haikai. Kabla ya kuiwasha hugonga meza kwa kidole. "Hodi!" husema, akicheka. "Chombo changu, meza yangu, na bado nabisha hodi." Zamani ulichonunua kilikuwa chako, siku hizi kinakuuliza wewe ni nani. Jana wasifu wa marehemu dada yake, aliouchapa mwenyewe usomwe mazishini alasiri, ulikuwa umefungiwa humo. Programu iliyokuja na kompyuta iliupeleka huko wanakokuita winguni bila kumwomba ruhusa, kisha ikamdai nenosiri. Akaandika, ikakataa. Akaandika tena polepole, akitamka kila herufi. Ikakataa.

"Jaribu tena, dada," nikamwambia.

Akajaribu, kisha akavuta kitambaa akaifunika. "Hodi tatu zinatosha, kaka. Usipoitikiwa, unageuka unakwenda zako."

Mazishini alisimama bila karatasi. Vidole vyake vilikuwa vikichapa juu ya gauni, na maneno yakamjia yote, mstari baada ya mstari.