Picha ya Kijiji cha Bibi yake Ema

Harufu ya maua makavu ya lavenda hunirudisha darasani, hapa Johannesburg, nikiwa na miaka kumi, nimekaa nyuma ya rafiki yangu Ema huku kijicho kikinitafuna.

Siku hiyo kila mtoto alitakiwa kueleza asili ya kwao. Ema alimleta bibi yake, mama wa Kizungu mwembamba aliyenukia lavenda, pamoja na picha ya kijiji kidogo cha Uingereza: kanisa la mawe, daraja jembamba ambalo punda wawili hawapishani, na makaburi yaliyochongwa jina la ukoo wao, vizazi saba. Darasa zima lilimsikiliza kwa hamu. Nilipoitwa mimi, nilisema kwetu ni Mayfair, mtaa wa hapahapa mjini, nikakaa. Wazazi wangu walitoka Pangani na sanduku moja. Hata picha ya babu hatukuwa nayo.

Wakati wa mapumziko niliichukua ile picha, nikaificha ndani ya juzuu yangu ya Kurani, mahali nilipodhani hata shetani hafiki. Ema alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nilimbembeleza, na moyoni nikaona raha. Hadi leo naona haya kulisema hilo.

Mama aliiona jioni ileile aliponisomesha. Hakunichapa. Kesho yake alivaa buibui, akanishika mkono hadi kwa yule bibi, akaniamuru niombe radhi.

Bibi aliipokea picha, kisha akamwuliza mama kwetu ni wapi. Mama akaitaja Pangani nyumba kwa nyumba: nani kaolewa, nani anajenga, shangazi gani alipiga simu juzi kulalamika kwamba madafu yake yameibiwa. Nilitafsiri mpaka ulimi ukachoka.

Bibi alimtazama mama bila kupepesa macho. "Mimi niliondoka kijijini na miaka minane," alisema. "Nikipiga simu kule leo, hakuna anayenijua."

"Kasemaje?" mama aliniuliza.

Nilimjibu kwamba anashukuru kwa kutembelewa. Sikuona sababu ya kutafsiri jambo dogo kama lile.

Sasa mama amefariki, wanangu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu kwa Kizulu, na namba za Pangani ninazoweza kupiga zimebaki mbili. Ndipo nilipoyaelewa yale macho. Mimi nilimwonea bibi wivu kwa ajili ya wafu wake. Yeye alimwonea mama kwa ajili ya walio hai.