Kikombe cha Bi Mahfoudha Mbele ya Kamati

Bi Mahfoudha wa Quriyat hakuwa mtu wa kubabaika. Asubuhi ile alijifukiza udi, akavaa buibui lake jipya, akaingia garini. Bintiye Bashayer, aliyeshika usukani, akacheka.

"Mama, twenda kwenye kamati ya wafungwa, si harusini."

"Nna mtoto wa kumtoa, nende nanuka vitunguu? Endesha!"

Mtoto mwenyewe ni Yaarub, yumo gerezani mwaka wa pili. Alikimbiza gari kwenye mteremko wa Al Amerat, akamgonga Maan, mwalimu wa watu, akamvunja mguu. Zamani kamati ya kuwaachia wafungwa kabla ya muda wao ilisoma makaratasi tu, na jibu likitoka, limetoka, sababu huambiwi. Sasa imekuja sheria mpya: kamati lazima iwasikilize jamaa wa mfungwa, imsikilize na aliyedhurika, na sababu zisomwe palepale, wote wasikie. Bi Mahfoudha aliposikia habari hiyo alisema, "Basi Yaarub keshatoka. Wasiponielewa mimi, watamwelewa nani?"

Walipofika Al Khuwair wakakaribishwa ofisini kwa kamati. Mwenyekiti, Amur, mtoto wa watu wa Unguja, akawaamkia kwa Kiswahili. Ikamiminwa kahawa. Bi Mahfoudha akapokea kikombe chake, akakiweka mbele yake, asikiguse tena.

Kila aliyekuwamo mle alijua maana yake. Kwao, mwenye haja hanywi kahawa mpaka akubaliwe. Amur akajikuna ndevu.

"Bibi yangu, kunywa tafadhali. Hapa si barazani. Sheria hainipi ruhusa kukuahidi kitu."

"Na nani kakuomba wewe?" akasema Bi Mahfoudha. "Wewe fanya kazi yako. Haja yangu iko kwa yule."

Yule ni Maan, amekaa pembeni na mkongojo wake. Tangu ajali Bi Mahfoudha alitaka kumwendea, wakili wa Yaarub akamkataza, isije ikaonekana anamshurutisha. Leo ndiyo mara ya kwanza wanaonana.

"Hulazimiki kumjibu, bwana," Amur akamwambia Maan.

Maan akakitazama kile kikombe, kisha akamtazama mama wa watu.

"Shangazi, kila nikipanda ngazi namkasirikia mwanao. Lakini hajapata kunitazama usoni. Aje kwangu, aniambie mwenyewe."

"Atakuja. Na mimi nyuma yake."

"Basi kunywa, imeshapoa hiyo."

Akainywa yote, akakitikisa kikombe kuonyesha katosheka.

Kamati ikatoka kushauriana. Iliporudi, Amur akasoma: Yaarub ataachiwa, kwa kuwa mwenendo wake gerezani ni mwema na aliyedhurika hapingi. Ila asishike usukani mpaka muda wa kifungo chake upite.

Bashayer machozi yakamtoka. Mama mtu akamvuta mkono.

"Utalia garini. Kwanza kamuulize Maan nyumba yake iko wapi. Yaarub haoni Quriyat kabla hajapita pale."