Mteja Mkubwa wa Mayai

Yadi nzima ya malori tulimwita dereva huyu Breki, kwa sababu alikuwa akipunguza mwendo kabla hata tuta halijaonekana. Ndiyo maana tajiri alimpa mzigo usiotaka papara: mayai. Nchi za kanda yetu zilikuwa zimeondoleana ushuru, basi lori lilivuka mpaka likiwa tupu, likarudi limejaa trei hadi juu. Mayai yale yaliuzwa sokoni kwetu kwa bei ambayo mfugaji wa hapa akiisikia anashika kichwa.

Mmoja wa wafugaji hao alikuwa mdogo wake Breki wa kike, wa tumbo moja. Alikuwa mjane, akifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na kwa kuku hao watoto walivaa na kusoma. Mimi sikusomea uchumi, ni fundi wa magari tu, lakini hili hata mimi naliona: wakubwa waliondoa ushuru wa mayai, wakaacha kodi kwenye chakula cha kuku. Kuku wa jirani wanakula kwa bei nafuu, wa kwetu wanakula kwa bei ya harusi. Halafu tunaambiwa tushindane. Tushindane kwa lipi, jamani?

Breki hakumwambia dada yake anabeba nini. Akiulizwa alisema, "Mizigo ya watu," akageuza mazungumzo. Siku moja alimkuta amekaa juu ya ndoo, trei zimejaa mpaka chini ya kitanda, mnunuzi hakuna.

"Kaka, mayai ya nje yanatumaliza," dada alisema. "Hivi hao wanaoyaleta hawana ndugu?"

Breki alirudi yadini bila kula. Roho ilimsuta mpaka akawa anaitikia salamu za watu kwa "samahani".

Ndipo akabuni mteja. Alimvalisha mlinzi wa yadi shati la kuchomekea, akamtuma ajitambulishe kuwa mnunuzi wa hoteli kubwa. Kila wiki mlinzi alichukua trei na kulipa taslimu, bei ya zamani, bila kubishana. Pesa zilitoka mfukoni mwa Breki, tena zilezile alizolipwa kwa kuleta mayai ya ng'ambo. Waliokula ni sisi. Tulikula ya kuchemsha, tukala ya kukaanga, mpaka mafundi wakaanza kujificha saa ya chakula. "Kuleni, ndugu zangu," alituhimiza, na yeye mwenyewe hagusi.

Nilimwambia, "Bwana wee, hii itakufikisha pabaya."

"Acha kwanza bei itengemae," akanijibu. Bei haikutengemaa.

Kisha dada akampigia simu, anaongea huku anacheka. Ameuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Amejenga banda la pili, vifaranga wameshafika, na anataka kaka yake aje alione. Breki alikaa kwenye ngazi ya lori, uso umemshuka.

"Twende wote, fundi," aliniambia. "Nikienda peke yangu nitashindwa kusema."

Banda lilikuwa zuri, sitasema uongo. Nguzo mpya, bati linang'aa, maranda yametandazwa chini, vifaranga wamejikusanya chini ya taa. Dada alimshika kaka yake mkono akamzungusha kila kona, nami nikifuata nyuma. Alisema wenzake wote mtaani wamefunga mabanda, lakini yeye ameijua siri. Ukiyachagua mayai vizuri, ukayafuta moja moja, mteja wa maana hakuachi.

"Hoteli, kaka!" alisema. "Wangeweza kununua yale ya bei rahisi. Wanakuja kwangu!"

Breki akajifanya anakagua nguzo. Nikamkanyaga mguu. Ndipo akasema yote, macho chini, maneno yakimtoka mbiombio. Alianza na lori, akamalizia na mlinzi.

Nilitegemea kelele. Dada aliinama akamrudisha kifaranga mmoja aliyekuwa ametoka kwenye joto, akamsukuma taratibu kwa wenzake. Nilitamani atukane tu, yaishe. Hata mimi aibu ilinishika, maana mayai yale niliyala huku nikijua.

"La lori sikulaumu," alisema mwishowe. "Kazi ni kazi. Ungekataa wewe, angebeba mwingine. Na pesa ulizonipa, nazo nashukuru. Lakini hoteli, kaka? Mimi nilikuwa namwambia kila mtu."

Breki akaangua kilio. Alikuwa hatazamiki. Dada akamwacha hapo alipo, akanigeukia mimi.

"Fundi, nyie ndio mliokuwa mnayala," alisema. "Niambie basi. Yalikuwa mazuri?"

Nikamwambia yalikuwa mazuri sana. Ilikuwa kweli tupu, na hakuniamini.