Mkubwa Yuko Lamboni

Lori la ng'ombe likisimama hapa Ukunda, wenzangu huziba pua. Mimi harufu ile ya samadi na tope bichi huniingia hadi kifuani, na moyo huanza kunienda mbio hata sijajua kwa nini.

Nilikulia nyikani Kwale, mpakani mwa ranchi, mahali ambapo ukimwona mgeni kwa mbali unaweza kuchemsha chai kabla hajafika mlangoni. Mwaka mmoja, nikiwa bado mtoto, mvua ilitukataa kabisa. Maji yalikuwa yamebaki kwenye lambo la ranchi tu. Watu tuliruhusiwa kuchota kwa mitungi, lakini ng'ombe wa nje walifungiwa lango. Ng'ombe wetu wa pekee aliyekuwa na maziwa, Kahawia, alikuwa akisimama kwa kusaidiwa. Kila siku mama alimngoja meneja wa ranchi apite, amwombe amfungulie.

Sasa, baba alikuwa na jambo lake. Akiwa porini hataji jina la ndovu, maana kwao waliamini kumtaja ni kumwita. Alimwita Mkubwa. Mama, aliyeolewa kutoka Msambweni, alimcheka sana kwa hilo. Kwao mkubwa ni mtu mwenye ofisi.

Asubuhi moja baba, aliyekuwa ametangulia kutafuta majani, alipiga simu. Sauti ilikuwa ikikatika. "Mama Mbeyu, mkubwa yuko lamboni. Leo ms..." Mtandao ukapotea, kama ilivyokuwa desturi yake.

Mama alisikia alichokitamani. Alijifunga leso mpya, akanipaka mafuta hadi nikang'aa, akafunga mayai kwenye kitambaa ili asiende mikono mitupu. Njia nzima alikuwa akijizoeza: "Shikamoo mkubwa. Sisi ni majirani zako." Nami nikafundishwa kuamkia kwa adabu.

Tulipanda tuta la lambo. Chini yetu, karibu kama mlango wetu na zizi, alisimama ndovu jike na mtoto wake, miguu ndani ya tope. Aliinua kichwa. Masikio yakafunguka. Nilifungua kinywa nipige kelele, na vidole vya mama vikanibana bega mpaka nikasahau kelele yenyewe.

"Shikamoo mkubwa," alisema mama, kwa sauti ileile ya njiani. "Sisi ni majirani zako. Hatukuja kwa ubaya." Huku akinivuta kinyumenyume. "Tuna ng'ombe mmoja, amechoka. Na huyu ni binti yangu. Mbeyu, mwamkie mkubwa."

"Shikamoo," nilisema.

Ndovu alipuliza pumzi kwa nguvu, akapiga hatua moja kuja kwetu. Miguu yangu ilitaka kukimbia. Mama aliendelea: habari za kuku wake, za nyanya yangu wa Msambweni, za paa linalovuja hata pasipo mvua. Nilidhani ameingiwa na wazimu. Aliongea hivyo mpaka vichaka vikatufunika, kisha akaketi chini ghafla. Meno yalikuwa yakimgongana. Mayai yote yalikuwa yamevunjikia mkononi mwake.

Baba alitukuta palepale, akihema. Nilikuwa wa kwanza kumwambia kwamba mama ameomba maji kwa ndovu. Kisa kilizunguka nyika nzima. Meneja mwenyewe, alipokuja siku nyingine, alicheka mpaka akajifuta machozi, akaagiza Kahawia afunguliwe lango. Nami nilikisimulia kwa miaka, nikiigiza sauti ya mama, na watu walivunjika mbavu.

Mwaka jana mwanangu aliumwa na nyoka shambani. Alipona, alhamdulillahi. Lakini siku ile, nimempakata nyuma ya pikipiki, mguu wake ukivimba mbele ya macho yangu, nilijisikia nikimweleza habari za kuku, za mwalimu wake, nikimwagiza aamkie kila mzee tuliyempita. Sauti yangu ilikuwa tulivu mno, wala sikujua naitoa wapi. Naye akatulia, akawa anaamkia kama alivyoagizwa.

Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile mama hakuwa akizungumza na ndovu.